Saketi ya karatasi haiwashi taa: ninunue printa ya wino wa fedha, au skrini yangu ya kuchapia inatosha?

*"Nina karakana ndogo ya kuchapa fulana na mabango hapa Morogoro. Kaka yangu ananunua mahindi Kibaigwa, na kila msimu anapoteza magunia kwa sababu ya uvundo. Nilisoma kwamba siku hizi saketi zinachapwa hata kwenye karatasi, nikawaza kutengeneza vikadi vya kutia ndani ya gunia vipime unyevu. Nimeagiza kopo la wino wa kaboni unaopitisha umeme, nikachapa kwa skrini kwenye karatasi ya A4 ya kawaida, nikaanika juani. Mstari wa sentimita 10 wenye upana wa milimita 1 unasoma kilo-ohmu 40 kwenye testa, na taa ya LED haiwaki kabisa. Rafiki yangu anasema huo wino ni feki, ninunue printa ya wino niijaze wino wa fedha. Mwingine anasema leza ndiyo yenyewe. Mke wangu anaogopa karatasi yenye umeme itashika moto ghalani. Nifanye nini kabla mtaji haujaisha?"*

Ndugu yangu, usinunue kitu bado. Kwa maelezo yako, wino si feki, skrini yako inafaa, na kazi unayoitaka ni mojawapo ya zile chache ambazo karatasi inazifanya vizuri kuliko plastiki. Kilichokupotosha ni kipimo chenyewe. LED ni shahidi mbaya katika kesi hii, nitakueleza kwa nini. Kisha tutafika kwenye printa, leza na hofu ya shemeji, ambayo ina msingi wake, ila hatari haipo pale anapoiona.

Tuanze na hizo kilo-ohmu 40. Wanaochapa saketi huhesabu ukinzani, yaani kiasi ambacho njia inauzuia umeme usipite, kwa miraba. Chukua mstari wako, ukate kwa mawazo vipande ambavyo urefu wake ni sawa na upana. Una milimita 100 kwa milimita 1, basi una miraba 100. Gawa ohmu 40,000 kwa 100, unapata ohmu 400 kwa kila mraba. Wino mzuri wa kaboni wa skrini, ukiwa na unene wa mikromita 25 hivi na ukiwa umeiva kwa joto linalotakiwa, hutoa takriban ohmu 15 hadi 50 kwa mraba. Wewe umezidi mara 8 au zaidi. Wino wa uongo usingepitisha kitu. Huu wako unapitisha, ila tabaka ni jembamba, au halijaiva, au nusu yake imenywewa na karatasi. Mimi naona ni yote matatu.

Na hata ungefikia ohmu 50 kwa mraba, mstari uleule ungebaki na kilo-ohmu 5. LED nyekundu inataka kama volti 2. Betri bapa ya kidonge, kama CR2032, inatoa 3, kwa hiyo inabaki volti 1 ya kusukuma mkondo kupita ohmu 5,000, yaani miliampia 0.2. Taa hiyo utaiona usiku tu, na uwe umeikazia macho. Rojo la fedha la skrini, kwa unene huohuo, hushuka chini ya ohmu 0.1 kwa mraba, na mstari wako ungekuwa na ohmu zisizofika 10. Hapo LED ingewaka vizuri. Rafiki yako hakukosea kuhusu fedha. Alikosea kudhani kwamba kadi yako inaihitaji.

Kadi yako haiwashi taa, inapima karatasi. Karatasi kavu haipitishi umeme, lakini selulosi yake inapenda maji. Huyavuta kutoka hewani na kuyashikilia juu ya nyuzi zake, na maji hayo yanapoongezeka, chumvi kidogo zilizomo kwenye karatasi hupata njia ya kutembea. Ukiweka njia mbili za kaboni zilizoachana kidogo na kupima ukinzani *kati yake*, utaona unashuka kutoka maelfu ya megaohmu hewa ikiwa kavu hadi megaohmu chache hewa ikiwa nzito. Sasa linganisha: karatasi ikiwa na megaohmu 10, kilo-ohmu 40 za njia yako zinaifanya isomeke 10.04. Hakuna atakayejali. Kwa maana hiyo ule mstari ulioukatia tamaa unatosha kazi hata ulivyo, ingawa nataka uuboreshe ili usikatike kadi ikikunjwa.

Ubovu wa tabaka lako umeanzia kwenye karatasi. A4 ya gramu 80 ina unene wa milimita 0.1 hivi, na chini ya hadubini si uso laini. Ni msongamano wa nyuzi bapa za mti, zenye upana wa mikromita 20 au 30, zilizolaliana ovyo, huku matundu yakizibwa nusunusu kwa unga wa chokaa. Wino wako una vitu vitatu: chembe za kaboni, gundi ya kuzishika, na kimiminika cha kuulainisha. Ukishausukuma kupitia skrini, karatasi hunyonya kimiminika haraka, gundi inafuata nyuma yake, na chembe za kaboni zinabaki zimetawanyika juu ya vilima na mabonde, zikigusana hapa na kuachana pale. Umeme hauruki palipo wazi. Fulana ina tabia hiyohiyo ya kunywa wino, lakini rangi ikiachana kidogo kwenye fulana hakuna anayelalamika.

Kwa hiyo badilisha karatasi kwanza. Jaribu manila nyeupe ya gramu 200 au zaidi, iliyo laini upande mmoja. Jaribu pia kaki. Kiwanda cha Mgololo kule Mufindi kinatengeneza karatasi ya kaki kutokana na misonobari, na nyuzi ndefu za msonobari huifanya isichanike kirahisi, jambo lenye maana kwa kitu kitakachosukumwa ndani ya gunia. Ubaya wa kaki ni uso mkavu wenye makwaruzo, kwa hiyo itataka uchape mara mbili. Karatasi ya kung'aa ya kalenda itakupa mistari mizuri kuliko zote, ila yale mapako yake yanabadilisha namna unyevu unavyoingia, hivyo mimi ningeiweka ya mwisho. Ukishachagua, nunua bunda moja kubwa na usichanganye. Kila aina ina chumvi na chokaa zake, na kadi za bunda hili hazitasoma sawa na za bunda lile.

Cha pili ni joto. Jua la Morogoro linakausha wino lakini haliuivishi. Wino mwingi wa kaboni unataka nyuzijoto 100 hadi 130 kwa dakika 10 hivi au zaidi (soma karatasi iliyokuja na kopo, hiyo ndiyo ya kufuata kuliko mimi), na wewe kifaa unacho tayari: ile mashine ya kubania fulana. Weka karatasi tupu kwenye mashine dakika mbili kabla ya kuchapa, maana karatasi hupoteza maji ikipashwa na kusinyaa. Usipoisinyaza mapema, tabaka la pili halitakaa juu ya la kwanza. Chapa. Acha wino ukauke mpaka usishike kidole. Chapa tena. Ukikauka, funika kwa ile karatasi isiyoganda unayotumia kwenye fulana, kisha bana kwa nyuzijoto 120. Mgandamizo nao unasaidia, kwa sababu unazisukuma chembe za kaboni zikaribiane. Pima kabla na baada, uandike. Fanya kazi hiyo madirisha yakiwa wazi, na usitumie oveni ya jikoni, kwa kuwa mvuke wa vimiminika hivyo si wa kuchanganya na chakula.

Sasa printa. Habari uliyoambiwa ina ukweli ndani yake. Mwaka 2013 Yoshihiro Kawahara wa Chuo Kikuu cha Tokyo na wenzake walionyesha kwamba printa ya nyumbani, ikijazwa wino wenye chembe za fedha za kipimo cha nanomita, inachapa saketi inayofanya kazi papo hapo, yenye ukinzani wa takriban ohmu 0.2 kwa mraba, bila kuipasha moto. Jambo ambalo halisimuliwi sana vijiweni ni kwamba walitumia karatasi ya picha. Mapako ya karatasi hiyo hushika chembe juu, na kemikali zilizomo huvua ule utando unaozitenga, chembe zikaungana zenyewe. Chapa wino uleule kwenye A4 yako, utazama kwenye nyuzi na testa haitasoma kitu, maana printa huacha tabaka lisilofika hata mikromita moja. Juu ya hapo, wino wenyewe ni ghali, lazima uagizwe nje, na ukilala kwenye kichwa cha printa wiki mbili unakauka na kuziba matundu. Kwa mwanafunzi anayechora saketi tofauti kila siku, printa ni tamu sana. Kwa mtu anayetaka kadi 500 zinazofanana, skrini inaishinda kwa kila kipimo ninachokijua.

Na hata ungepewa bure, nisingependa fedha ndani ya gunia. Fedha ikiwa na unyevu na volti kwa pamoja huyeyuka kidogo upande wa chanya, ikasafiri ndani ya maji ya karatasi, ikaota upande wa hasi kama kijiti chenye matawi. Siku moja kijiti kinagusa upande wa pili, na kadi yako inaapa kwamba mahindi yamelowa chepechepe. Kaboni haina tabia hiyo.

Leza nayo ni ya kweli. Maabara ya James Tour katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, ilionyesha mwaka 2014 kwamba leza ya kukatia inaweza kuunguza plastiki ya polimaidi ikageuka kaboni inayopitisha umeme, na mwaka 2018 wakafanya hivyo juu ya karatasi, nguo, hata vyakula. Karatasi kwanza hutibiwa kwa dawa ya kuzuia moto ili isipotee kuwa moshi, kisha leza inapita zaidi ya mara moja. Hakuna wino wala skrini. Lakini mstari unaobaki ni makaa mepesi yanayopukutika ukiyakunja, na mashine inachora kadi moja baada ya nyingine. Kama jirani yako ana leza ya kukatia mabango, mwombe dakika kumi za kujaribu. Kununua mpya kwa ajili ya kazi hii ni kutupa pesa.

Zipo njia nyingine utakazokutana nazo ukiendelea kusoma. Elvira Fortunato na Rodrigo Martins kule Lisbon walitengeneza transista (swichi ndogo ya umeme) mwaka 2008 wakitumia karatasi yenyewe kama tabaka la kutenganisha. Ni kazi ya kupendeza, ila inafanyika kwenye mitambo ya ombwe, haihusiani na karakana yako. Utepe wa shaba wenye gundi ni mzuri kwa kufundishia watoto shuleni na kwa kuungia nyaya. Penseli laini ya 6B inachora mstari unaopitisha umeme na haigharimu kitu, itumie kujaribia michoro kabla hujatengeneza skrini.

Nije kwa shemeji. Mwambie kwamba karatasi na umeme wameishi pamoja tangu zamani: ile sahani ya kahawia ndani ya redio nyingi za mkulima ni karatasi iliyoloweshwa gundi ya fenoli na kugandamizwa. Karatasi ya kawaida hushika moto kwenye nyuzijoto 230 hivi, na kadi inayopitisha sehemu ya milioni ya ampia haitaongeza hata nyuzi moja. Hatari iko kwingine. Usiunganishe kadi hizi na umeme wa ukutani kwa njia yoyote ile, hata kupitia chaja ya bei rahisi. Na usiache betri ya simu ndani ya ghala lenye vumbi la nafaka, kwa sababu betri ya lithiamu ikipigwa shoti ndiyo itakayowasha moto, wala haihitaji msaada wa karatasi. Kadi ikae ndani ya gunia peke yake, na kisomeo chenye betri kibaki mkononi mwa kaka yako, akiunganisha anapopita kukagua.

Mchoro wenyewe uwe wa vitana viwili vilivyotazamana, meno ya kimoja yakiingia kati ya meno ya kingine bila kugusana. Acha nafasi ya milimita moja, skrini yako haitashindwa. Kadiri meno yanavyokuwa mengi na marefu, ndivyo ukinzani unavyoshuka na kupimika kirahisi. Njia za kutoka kwenye vitana hadi nje ya gunia zifunike kwa selotepu pande zote mbili za karatasi, la sivyo utapima unyevu wa ghala badala ya ule wa mahindi. Mwishoni usijaribu kulehemu: lehemu haishiki kaboni, na ile ya kawaida inayeyuka kwenye nyuzijoto 183 na zaidi, utaunguza karatasi bure. Mpelekee fundi viatu akupigie vile vijicho vya chuma vya kamba, kisha ushike kwa vibano.

Testa nyingi huishia megaohmu 2 au 20, kwa hiyo hazitakufaa kwenye karatasi kavu. Mtafute kijana anayecheza na Arduino (kibodi kidogo cha elektroniki kinachopangiwa kazi kwa kompyuta), au mwalimu wa elektroniki wa chuo cha ufundi cha VETA, akutengenezee kisomeo kinachochaji kondensa ndogo (kifaa kinachotunza umeme kidogo) kupitia karatasi na kuhesabu muda. Kondensa ya nanofaradi 10 na karatasi ya megaohmu 100 zinakupa sekunde moja, muda unaopimika vizuri. Kisomeo kigeuze chanya na hasi kila kinaposoma. Umeme wa upande mmoja tu husukuma chumvi za karatasi kwenda pembeni, na kila usomaji utatofautiana na uliotangulia.

Namba hizo hazina maana mpaka uzilinganishe na kitu unachokijua, na bahati nzuri kitu hicho kiko jikoni. Chukua chumvi ya mezani, iloweshe kwa maji kidogo tu iwe kama mchanga mbichi, weka ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko mzuri. Hewa iliyofungiwa humo itatulia kwenye unyevu wa asilimia 75, iwe leo au kesho, kukiwa na joto au baridi ya kawaida. Ning'iniza kadi humo bila kugusa chumvi, iache usiku kucha, usome. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka mahindi yasizidi unyevu wa asilimia 13.5, na mahindi ya namna hiyo, kwa joto letu, huifanya hewa iliyo kati ya punje iwe karibu na asilimia 70. Maana yake usomaji wa kwenye chombo cha chumvi ni mstari mwekundu: kadi ikisoma hivyo ndani ya gunia, mahindi hayo yanatakiwa kurudi kwenye turubai leo.

Usitegemee zaidi ya hapo. Karatasi inayolowa na karatasi inayokauka hazisomi sawa hata hewa ikiwa ileile. Joto nalo linayumbisha. Jasho la vidole lina chumvi, kwa hiyo shika kadi kwenye kingo. Kadi hii itakuambia "salama", "angalia" au "hatari". Haitakuambia 13.2 au 13.8, na atakayekuahidi hivyo kwa karatasi tupu anakudanganya. Tena nikuambie jambo ambalo huenda usilipende: iko kadi isiyo na umeme kabisa, DryCard ya Chuo Kikuu cha California, Davis, yenye karatasi ya kobalti inayogeuka kutoka buluu kwenda waridi kulingana na unyevu. Unaifungia na nafaka kwenye chupa, unasoma rangi. Kama kaka yako anakagua magunia machache kwa mkono, hiyo inamtosha. Yako inaanza kuwa na faida pale ambapo gunia liko katikati ya rundo na hakuna anayetaka kulifungua.

Liko pia jambo moja ambalo kadi yoyote ya unyevu haiwezi: haioni sumukuvu, ile sumu inayotolewa na ukungu. Mahindi yanaweza kuwa yameambukizwa shambani kabla ya kuvunwa, yakakauka vizuri kabisa, na sumu ikabaki. Mwaka 2004 watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya kwa mahindi yenye sumukuvu, na mwaka 2016 vifo vilitokea Dodoma na Manyara. Gunia likishaonyesha ukungu wa kijani au wa manjano, hoja ya unyevu imekwisha. Sampuli ipelekwe maabara, na mahindi hayo yasiliwe wala kupewa kuku.

Uko Morogoro, na SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, iko hapohapo. Ukipata kadi kumi zinazosoma karibukaribu kwenye chombo cha chumvi, nenda nazo ukaombe kuzilinganisha na mahindi yaliyopimwa kwa kukaushwa kwenye oveni ya maabara, kwa sababu kipimo hicho huwezi kukifanya karakanani kwa uhakika. Na siku utakapotaka kuziuza kwa wafanyabiashara, ili mtu apandishe au ashushe bei ya gunia kwa kutazama kadi yako, pita kwanza Wakala wa Vipimo na TBS, Shirika la Viwango Tanzania, uulize masharti. Kwa matumizi ya kaka yako mwenyewe huhitaji ruhusa ya mtu. Anza na manila, tabaka mbili, nyuzijoto 120, na uandike kila namba utakayoipata pamoja na tarehe na bunda la karatasi ulilotumia.